Mgongo uachie mti, kazi yako iko tumboni

Wengi wanaotaka kutengeneza upinde huanza kwa kutafuta gogo. Wameambiwa kwamba upinde wa maana hutoka kwenye shina nene lililopasuliwa kwa kabari, likakaa mwaka au miaka miwili likikauka, kisha fundi akafuata pete moja ya ukuaji toka ncha hadi ncha bila kuitoboa. Kwa baadhi ya miti hayo ni kweli. Ila pinde ninazozipenda kuliko zote, na zilizonifundisha karibu kila ninachokijua, zimetoka kwenye miti michanga ambayo mkono mmoja unaizunguka. Ni miti ya unene wa sentimita 4 au 5, ambayo mjenzi akiiona anawaza fito za ukuta.

Naandika haya kwa sababu mti mwembamba unadharauliwa bure. Unaonekana ni wa watoto, au wa mtu aliyekosa mti mkubwa. Mimi naona una zawadi moja ambayo gogo halina.

Tukubaliane kwanza majina. Upande wa upinde unaotazama shabaha ni mgongo. Upande unaomtazama mpigaji ni tumbo. Sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio, naziita mikono. Ukivuta ugwe, yaani kamba ya upinde, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa, na katikati ya unene wa mti kuna mahali ambapo hakuna mvutano wala mbano wa kutajika. Pinde zinazovunjika kwa kishindo kwa kawaida huanzia mgongoni, pale ambapo uzi mmoja wa mti umekatwa na kisu, na ufa ukapata mlango.

Sasa chukua mti mchanga, ubandue gome. Kinachotokea chini ya gome, laini, chenye unyevu, cheupe au cha njano hafifu, ndio mgongo wako. Nyuzi zake zinakwenda toka chini hadi juu bila kukatwa hata mmoja. Mwenye gogo la mti unaomtaka afuate pete hutumia siku nzima kuutafuta mgongo huo, akikwangua pete moja baada ya nyingine, na akiteleza mara moja tu ameuharibu. Wewe umepewa bure. Kazi inayobaki yote iko tumboni, na sharti pekee ni kwamba mgongo usiuguse kwa chuma tangu unapoukata mti mpaka unapopiga mshale.

Kuna anayeuliza: mgongo wa mti mwembamba si ni wa mviringo? Ukivutwa, si ule ukanda mwembamba wa katikati ndio unaobeba mzigo wote? Ndiyo, hasa. Lakini mbao nyingi zilizokauka hustahimili kuvutwa kwa urefu wa nyuzi takriban mara mbili ya zinavyostahimili kubanwa. Mgongo wa mviringo unautwisha mzigo upande wenye nguvu. Tumbo, ambalo ndilo dhaifu, unalifanya bapa na pana ili mbano utawanyike. Umbo hilo la mgongo duara na tumbo bapa si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1944, katika ardhi ya majimaji ya Holmegaard nchini Denmark, zilichimbuliwa pinde za mti wa elm zenye umri wa takriban miaka 9,000, na zilichongwa hivyohivyo, kutoka mashina membamba. Wapo waliozigeuza walipojaribu kuziiga, wakaweka upande wa mviringo tumboni kwa kuwa ndivyo pinde ndefu za Uingereza zilivyo. Mtu aliyewahi kuchonga mti mchanga hapati shida kuelewa upande upi ulikuwa mbele: ni ule uliokuwa chini ya gome.

Kuchagua mti ndiko nusu ya kazi, na siwezi kukupa orodha ya majina itakayokufaa popote ulipo. Mkole nimeupenda sana, mpera pia, lakini nimeshaona mti nisioujua jina ukitoa upinde mzuri. Kipimo changu ni tawi. Natafuta tawi la unene wa kidole gumba, nalikunja polepole na kuliachia. Likirudi haraka na kunyooka kabisa, nalikunja tena mpaka livunjike. Likivunjika kwa mkato mfupi na safi, mti huo nauacha. Likivunjika kwa vibanzi virefu vinavyoshikana na kukataa kuachana, huo ndio mti.

Kisha natazama msimamo wake. Miti iliyobanana na mingine hukimbilia mwanga, hivyo hunyooka na kuacha matawi juu. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki cha mti uliokatwa zamani ni mazuri zaidi kwa sababu hiyohiyo, na kisiki hakifi ukichukua moja. Nataka mita 2 zilizonyooka kiasi cha kuridhisha, ingawa upinde wenyewe utakuwa mfupi kuliko hapo. Kupinda kidogo kushoto na kulia kunasameheka. Kisichosameheka ni kujisokota, nyuzi zinapozunguka shina badala ya kupanda moja kwa moja. Gome wakati mwingine linaficha. Ukitaka uhakika, kata kipande cha sentimita 30 kwenye sehemu ya juu usiyoihitaji, kipasue kwa kisu na nyundo, uone mpasuko unaelekea wapi. Ukizunguka robo ya duara katika urefu mfupi hivyo, mti huo utakupa mikono inayojipinda kando kila ukivuta. Haya yote, bila shaka, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye shamba au mwenye msitu.

Ukishaukata, kuna saa chache za kufanya mambo kwa utaratibu. Ziba ncha mbili mara moja kwa nta, rangi au gundi ya mbao, maana maji hutoka upesi mno kwenye ncha, na nyufa huanzia hapo. Kisha usiuache mzima. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi huuweka mti mzima kivulini miezi kadhaa, wakirudi wanakuta ufa mrefu toka gomeni hadi kiini. Si bahati mbaya. Mti unapokauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea katikati, kwa hiyo duara kamili halina pa kwenda ila kupasuka. Likiondolewa tumbo, duara limefunguka, na mti unasinyaa bila kujirarua.

Kwa hiyo naondoa tumbo ungali mbichi. Kwanza nauegemeza mti ukutani na kuuacha ujigeuze wenyewe, nione upande upi unapendeza kuwa mgongo: wenye mafundo machache, na ambao kupinda kwake, kama kupo, kunaelekea mbele. Nachora mstari ubavuni kila upande, kisha naondoa nusu ya nyuma kwa panga au tezo, nikimalizia na randa. Mti wa sentimita 5 unaruhusu kufika kiini na kukipita kidogo. Mti wa sentimita 3 na nusu hauruhusu. Hapo nabakiza zaidi ya nusu, na kiini kinabaki ndani, karibu na pale katikati pasipo na mvutano wala mbano, kisidhuru kitu.

Sasa tazama kinachotokea panga linapokwenda. Mti unaokua huwa na mvutano kwenye sehemu yake ya nje na mbano katikati. Ukiiondoa nusu moja, iliyobaki inajikunja kidogo kuelekea upande wa gome. Kijana mmoja niliyekuwa nikimwonyesha alishtuka, akasema, "Mwalimu, umepinda!" Nikamwambia, "Umepinda kwa mbele, mwanangu. Hiyo ni nguvu, tusiiondoe." Upinde unaoanza ukiwa umeegemea mbele utakuwa na akiba ya kutumia mikono itakapoanza kulegea kwa matumizi. Gogo lililokaushwa na kupasuliwa baadaye halikupi hilo kwa urahisi.

Kama mti una kombo la kushoto au kulia, huu ndio wakati wake. Samaki mkunje angali mbichi. Naufunga kwa kamba kwenye ubao ulionyooka, tumbo likilala ubaoni, na naweka vipande vya mbao chini ya ncha ili zibaki zimeinuka mbele sentimita 3 au 4. Kombo lililofungwa likiwa bichi hukauka limenyooka, au karibu na kunyooka. Lililoachwa likauke litadai mvuke au makaa baadaye, na kazi huwa mara tatu.

Kuhusu gome, msimu wa mvua miti inapokunywa maji kwa wingi, gome hutoka kwa vidole. Anza kwa kijiti kilichochongwa ncha bapa, kisha vuta. Kisu hapana. Lakini ukilitoa siku ileile, mgongo uliobaki uchi unaweza kukauka upesi kuliko ndani ukapata nyufa ndogondogo. Mimi hulitoa gome likiwa tayari kutoka, kisha nikapaka mgongo mzima gundi ya mbao iliyotiwa maji kidogo. Inakauka na kuwa utando, unyevu unatokea tumboni, na mwisho wa yote utando unabanduliwa kwa maji vuguvugu na kitambaa.

Kukauka hakuhitaji mwaka. Kipande chembamba hivi, kikiwa kivulini penye hewa, kinakuwa tayari kwa wiki kadhaa. Nisichokifanya ni kukisia. Nakipima kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili na kuandika uzito kwa penseli kwenye ubao. Mwanzoni uzito unaporomoka, kisha unashuka polepole, kisha unasimama. Ukisimama kwa wiki nzima, mti umelingana na hewa ya mahali hapo. Upinde unaochongwa ukiwa na unyevu mwingi hauvunjiki, lakini tumbo lake husagika ndani kwa ndani, na ukiutoa ugwe unabaki umekunjamana kwa nyuma daima. Nimeshika pinde nyingi za namna hiyo. Umbo zuri, mti mzuri, mshale unatoka umechoka.

Vipimo nitavipitia haraka, kwa kuwa mti wako ndio utakaoamua. Ikiwa upinde unapinda mpaka kishikioni, urefu wake uwe angalau mara mbili ya urefu unaovuta, na uongeze sehemu moja ya kumi. Mvuto wa sentimita 70 unataka basi sentimita 154 kwenda juu. Kwa mti mwembamba mimi huongeza tena, nafika 165 au 170, na kishikio nakiacha kipinde kidogo. Hakuna upana wa kutosha wa kuficha ufupi. Upinde mwembamba na mfupi unaulazimisha kila sentimita ya mti ujikunje kupita uwezo wake, na hakuna ufundi utakaourekebisha. Upana, nauacha wote ambao mti umenipa katikati, halafu kuanzia nusu ya mkono naupunguza polepole mpaka sentimita 1 na kidogo kwenye ncha. Ncha nyepesi hurudi upesi. Upana napunguza kwa kuchonga mbavu tu, kwa hiyo ule ukanda wa juu kabisa wa mgongo unabaki ulivyo toka ncha hadi ncha.

Unene ndio wenye siri, na laiti ningekuwa na jambo moja tu la kumwambia anayeanza, lingekuwa hili. Ukipunguza upana kwa nusu, ugumu wa mkono unapungua kwa nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, ugumu unaobaki ni sehemu moja ya nane. Mkono wa unene wa sentimita 2 ukiutoa milimita 2 tu umepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake. Ndiyo maana tezo na panga huwekwa kando mapema, tupa inachukua nafasi, na tupa nayo inawekwa kando kabla hujatamani, ukabaki na kisu kilichosimamishwa wima au kipande cha kioo, ukikwangua unga.

Hatua ya kwanza ya kupinda ni ya sakafuni. Simamisha ncha moja chini, shika kishikio, sukuma katikati kwa mkono wako mwingine, utazame mkono wa upinde unavyopinda. Geuza, fanya vilevile. Hapo unatafuta tu mikono miwili ianze kutikisika sawasawa. Mti mchanga una tatizo lake hapa: upande uliokuwa chini karibu na mizizi ni mnene kuliko wa juu, kwa hiyo ukigawa urefu katikati unapata mkono mmoja mgumu sana. Usiuhurumie. Upunguze tumboni mpaka ulingane na mwenzake, hata kama macho yanakuambia haujafanana nao kwa umbo. Kinachotafutwa ni kulingana kwa kupinda.

Zikiwa ncha zinasogea sentimita 10 hivi sakafuni, nachonga mikato ya kukalia ugwe, pembeni mwa ncha tu, bila kuvuka mgongo. Natia ugwe mrefu uliolegea, napachika kishikio juu ya mti wa kusimama ulioshindiliwa imara, wenye mikato ya kushikilia ugwe kila sentimita 5, au nafunga kapi chini na kuvuta kamba nikiwa nimesimama mbali. Kusimama mbali ni muhimu kwa macho na kwa usalama. Mti ukivunjika vibanzi vyake vinaruka kwa kasi, na miwani ya kazi ni lazima.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Vuta kidogo, tazama, achia. Vuta tena mara 20 au 30 bila kukwangua chochote, kwa sababu mti uliokwanguliwa hauonyeshi mabadiliko mpaka ufanyishwe mazoezi. Mtu akikwangua, akavuta mara moja, akaona hakuna tofauti, akakwangua tena, anakuwa amekwangua mara mbili kwa kosa moja. Na kuna kanuni nisiyoivunja: tangu mvuto wa kwanza hadi wa mwisho sivuti kamwe kupita uzito ninaoutaka, yaani nguvu ya kuvuta ugwe inayosomwa kwenye mizani ya kuning'iniza, si uzito wa mti wenyewe. Nikitaka upinde wa kilo 16, mizani ikifika kilo 16 nasimama, hata kama ncha zimesogea kiganja kimoja tu. Nakwangua, nafanya mazoezi, navuta tena mpaka kilo 16, na sasa ugwe unafika mbali zaidi. Hivyo hivyo mpaka sentimita 70. Tumbo halijawahi kubebeshwa mzigo kuliko litakaobeba maisha yake yote.

Macho yanadanganya kwenye mti wenye mawimbi, na mti mchanga karibu kila mara una mawimbi. Upinde ninaoutumia siku hizi ulikuwa na bonde dogo sentimita 30 hivi kutoka ncha ya juu, pale tawi lilipokuwa. Ukiutazama umevutwa, ungeapa pale hapapindi kabisa. Nilichukua kibao cha sentimita 12 chenye upande mmoja ulionyooka, nikatoboa tundu katikati na kuingiza penseli iliyojitokeza kidogo tu. Upinde ukiwa umepinda kidogo, nikakiteleza kibao tumboni toka kishikioni hadi ncha. Mahali mti unapopinda vizuri, katikati ya kibao panabaki mwanya na penseli haigusi. Mahali palipo pagumu, tumbo limenyooka, penseli inaacha alama. Pale kwenye bonde penseli haikuandika kitu. Iliandika chini yake, kwenye ukanda wa kama vidole vinne ulioonekana mzuri kabisa kwa macho. Kama ningelifuata jicho ningelikwangua bonde, na bonde ndilo lililokuwa tayari linafanya kazi kupita kiasi. Nilikwangua ndani ya alama ya penseli tu, mpaka ikafutika, nikavuta mara 30, nikateleza kibao tena. Alama ilirudi, fupi kuliko mwanzo. Ndiyo mwendo wa kazi hii.

Mafundo yanataka heshima yake. Fundo la mgongoni liache na kilima chake, usilisawazishe kwa msasa hata kidogo, maana nyuzi zinalizunguka kwa kupanda juu yake, na ukikikata kilima umezikata. Fundo la tumboni liachie unene wa ziada kidogo pande zote, na upana pia ikiwezekana. Wapo wanaosema mti wenye mafundo haufai. Mimi nasema fundo gumu, zima, lililoachiwa nyama, linadumu. Fundo jeusi linalomomonyoka kwa kidole, hilo nalikataa mtini, kabla ya kukata.

Kila ninapoutoa ugwe, napitisha ukucha tumboni nikitafuta mistari myembamba inayokatiza upinde, kama mikunjo ya karatasi. Hiyo ni nyuzi zilizosagika kwa kubanwa. Ikitokea, maana yake sehemu hiyo inafanya kazi ya jirani zake, na dawa ni kukwangua majirani walegee nao, kamwe si kukwangua pale. Mgongoni naangalia kitu tofauti: kibanzi kinachoinuka. Kikiwa kidogo, nakitia gundi na kukizungushia uzi wa kitani uliobana. Kikiwa kirefu, upinde huo hauvutwi tena, hata ukipendeza namna gani.

Tumbo unaweza kulisaidia kwa moto. Upinde ukiwa umekaribia kukamilika na umefungwa kwenye ubao wake, mgongo ukiwa upande wa ubao, lipitishe tumbo juu ya makaa yasiyo na mwali, kwa umbali unaokuwezesha kuacha mkono pale kwa sekunde chache tu, taratibu, mpaka rangi ibadilike kuwa kahawia. Joto hilo hulifanya tumbo kuwa gumu zaidi dhidi ya mbano. Mgongo usifikiwe na joto hilo. Baada ya hapo uache upumzike siku kadhaa unyevu wa hewa urudi, kwa kuwa mti uliotoka motoni ni mkavu kupindukia, na ukiuvuta siku hiyohiyo unaomba uvunjike.

Ugwe wa kitani au wa nyuzi za poliesta uliosokotwa vizuri unafaa. Nailoni inanyumbuka, inakula nguvu ya mshale. Uwe na uwezo wa kubeba angalau mara nne ya uzito wa kuvuta upinde. Ukitiwa, mwanya kati yake na kishikio uwe karibu sentimita 15, yaani ngumi na kidole gumba kilichosimama. Mkono wa chini nauacha uwe mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa sababu kiganja kinashika chini ya katikati na mshale unapita juu yake. Na usiuvute ukauachia bila mshale. Nguvu iliyokusudiwa kubebwa na mshale hurudi yote mikononi mwa upinde, na hapo hata mgongo usio na dosari unaweza kupasuka.

Mishale mia ya kwanza hivi naipiga kabla ya kupaka mafuta. Upinde mpya hulainika kidogo, unashuka labda kilo moja, na mara nyingi mkono mmoja hulegea kuliko mwenzake. Kwa hiyo kibao cha penseli kinarudi kazini, nakwangua unga wa mwisho, ndipo nasugua tumbo kwa msasa mwembamba na mgongo kwa mfupa laini tu, bila msasa, nikaupaka wote mafuta ya kitani na nta. Baada ya kila matumizi ugwe unatolewa, na upinde unalazwa juu ya vigingi viwili ukutani, mbali na jua. Kuuegemeza pembeni ya chumba ukiwa umesimama kwa ncha moja, wiki baada ya wiki, kutaulegeza mkono ule wa chini uliousawazisha kwa taabu.